Umekwama kuandika? Fanya hivi mpaka utamu urudi

Hii nawaandikia wenzangu mnaoandika stori kwa Kiswahili kwenye simu, zile za sehemu ya kwanza, sehemu ya pili, mpaka ya arobaini huko, halafu siku moja unafungua pa kuandikia unakaa unaangalia kioo tu na hakuna kinachotoka. Wasomaji wanadai, "admini leta mwendelezo", "jana tumelala njaa", na wewe unaamua kuzima data kabisa. Wenye mashairi na wenye riwaya iliyolala kwenye daftari tangu chuo na nyie mmo, ila mifano mingi nitaitoa kwenye stori maana huko ndo ninakoshinda.

Watu wengi wakikwama wanadhani maneno yamewaishia. Hayajaisha. Mtu huyohuyo aliyekwama mpigie simu umuulize jana kwenye msiba ilikuwaje, atakupa stori ya nusu saa, sauti za watu anaziiga, mama fulani aligombea sufuria na nani, nani kazimia kabla hata maiti haijafika, na ule mwisho anakubania mpaka umbembeleze. Huyo ana maneno ya kumtosha na ya kugawa. Ila akikaa kuandika anabadilika, anakuwa mtahiniwa. Tumelelewa hivyo shuleni, insha ya maneno 250, mwanzo kiini hitimisho, methali mbili za kupambia, halafu unasubiri kalamu nyekundu. Ile kalamu haijaondoka kichwani hata kama una watoto wako saivi, na sikuhizi imeongezewa laiki na komenti. Kwahiyo mimi ninachokisema humu chote kinaelekea sehemu moja, kurudi kusimulia, maana raha ya kuandika ilianzia hapo kabla hatujasahihishwa.

Kwanza jua umekwama wapi

Kukwama hakufanani. Kuna uchovu tu wa kawaida, umetoka kazini saa 12, foleni ya Mbagala umesimama njia nzima, umefika watoto hawajala, halafu saa 5 usiku unaanza kujiambia huna kipaji. Ndugu yangu lala. Andika alfajiri kabla nyumba haijaamka au andika Jumapili mchana watu wakiwa wamejipumzikia.

Kuna kutojua. Mhusika wako ni mvuvi na wewe hujawahi kukaa ufukweni muda wavuvi wanarudi, sasa ukifika pale anapovuta chombo mkono unagoma, na una haki ya kugoma. Hapo mbinu za uandishi hazisaidii, nenda. Kama uko Dar shuka pale soko la samaki Feri asubuhi mapema, simama pembeni ya mnada usikilize samaki wanavyonadiwa, angalia akinamama wanavyoshika ndoo, sikiliza nani anamkopesha nani na anamwambiaje. Usirekodi watu bila ruhusa, we sikiliza tu. Ukirudi na vitu vichache ulivyoviona kwa macho yako, sehemu nzima inajiandika.

Kuna stori iliyopotea njia, na hii naiona kwa watu wengi sana kuliko wanavyokubali. Neema wako alikuwa binti mwoga sehemu kumi zote, hata kumjibu mama mkwe hawezi, ghafla sehemu ya kumi na moja kamchoma mtu kisu kwasababu ulitaka mwisho wa kushtua. Ya kumi na mbili haiji, na haitakuja, maana moyoni unajua yule aliyeshika kisu sio Neema. Rudi nyuma mpaka sehemu ya mwisho uliyokuwa unaiamini mwenyewe, anzia hapo, hiyo ya kisu ifute hata kama ilipata komenti nyingi.

Halafu kuna woga, ile kalamu nyekundu niliyosema, na huu ndo nitakaa nao sana.

Kama lakini umefiwa karibuni, au hulali, huli, hakuna kinachokupa raha sio kuandika peke yake, basi hapo shida haiko kwenye uandishi. Ongea na mtu wako wa karibu, nenda hospitali, stori utaikuta.

Isimulie kwa mdomo kabla hujaiandika

Hii ndo njia ninayoiamini kuliko zote kwahiyo nitaieleza taratibu.

Chagua mtu mmoja. Mtu kweli, mwenye namba kwenye simu yako, sio "wasomaji wangu". Awe yule ambaye ukimwambia "kaa nikwambie" anaacha alichokuwa anafanya. Dada yako, shangazi, jirani mliokua wote, yeyote. Fungua pa kurekodi voisi, bonyeza, na msalimie kwanza kama unavyomsalimia siku zote, "shikamoo shangazi, za tangu juzi, mguu unaendeleaje". Salamu usiiruke, maana hakuna mtu anayeweza kumuuliza shangazi yake habari za mguu kwa sauti ya insha, ukishaanza hivyo sauti yako imesharudi. Halafu msimulie ile sehemu inayokushinda. Usisome popote. Ukisahau jina la mhusika sema "yule dada" uendelee, ukiruka kitu sema "ngoja nirudi nyuma kidogo nilisahau" na urudi kweli. Usizime mpaka ifike mwisho.

Ukimaliza unaweza kubaki nayo mwenyewe, ila mimi nashauri mtumie kama ni mtu anayependa, kwasababu majibu yake ni mali. Akikurudishia "enhe, ikawaje?" hapo umemshika. Akiuliza "sasa huyo mumewe muda wote huo alikuwa wapi?" hapo amekuonesha tundu, na amekuonesha kwa upendo, hajakupa alama. Wazee wetu hii walikuwa nayo. Fanani anasema "Hadithi, hadithi!" watu wanajibu "Hadithi njoo!", kwingine "Paukwa!" wanajibu "Pakawa!", katikati kuna wimbo wote wanaitikia, mtoto akisinzia fanani anamuona anabadilisha sauti anakuwa fisi. Yule bibi fanani hakuwahi kukaa peke yake na ukurasa mtupu, muda wote kulikuwa na mtu anaitikia. Sisi tumemuondoa anayeitikia halafu tunashangaa kwanini kumekuwa kimya.

Sasa kaa uandike ulichosema. Andika mwenyewe, kwa mkono kwenye daftari au kwa kidole kwenye simu, usiipe programu ikuandikie hata kama inaweza. Inachosha, najua, lakini ukiisikiliza kipande kwa kipande unasikia pale ulipoharakisha kwasababu hata wewe hukuwa unapaamini, unasikia pale uliposhusha sauti, unasikia pale uliposema "yaani acha tu" ukanyamaza kidogo, na hapo uliponyamaza mara nyingi ndo pana stori yenyewe. Andika kila kitu, "yaani" zote, "sasa" zote, "basi bwana" zote. Kukata ni kazi ya kesho.

Nikuoneshe kwa mfano. Tuseme mwanaume aliyeikimbia familia yake zamani anarudi mtaani na mkewe anamuona. Ukikaa kama mtahiniwa inatoka hivi:

"Ilikuwa ni jioni tulivu yenye kupendeza, jua likizama taratibu huku ndege wakirejea viotani mwao, ndipo Mama Zai alipomwona mwanaume ambaye hakuwahi kutarajia kumwona tena maishani mwake."

Sarufi iko sawa kabisa. Mtu ndo hayupo. Wale ndege tunawarudisha viotani tangu darasa la tano, na sentensi inayofuata itabidi uweke upepo, ya tatu mawingu, ya nne umekwama kwasababu hakuna kitu cha kushika. Sasa isikilize hiyohiyo mtu akimpa dada yake kwa voisi:

"Sasa Mama Zai si yuko zake barazani anakaanga maandazi, anamrudishia mtoto wa Mzee Komba chenji, mia mbili, kainua macho hivi, anamuona Rashidi anavuka mtaro, kiatu kimoja kashika mkononi. Ile mia mbili ikatumbukia kwenye karai."

Angalia ulivyo na mtaji hapo. Kiatu kiko mkononi, kwanini? Mtoto anadai mia mbili yake na haondoki mpaka aipate. Mafuta yako motoni na maandazi yanaungua, lazima mtu ayaepue, nani? Na huyo mtoto atakimbia nyumbani kusema nini? Kila kimoja ni sentensi inayosubiri zamu yake, yaani utaandika mpaka ukasirike ukiitwa kula.

Iache ilale usiku mmoja ndo uanze kukata. Ulichosema mara tatu kibaki mara moja. "Kainua macho hivi" acha kama bado inakusikika vizuri, "si yuko zake" pia. Isome kwa sauti, sio kwa macho, pale ulimi unapojikwaa ndo pa kurekebisha na pale usipojikwaa paache hata kama mwalimu wako wa zamani asingepapenda.

Andika kwa Kiswahili unachotumia ukigombana na mtu

Hapa naomba nieleweke, mimi napenda Kiswahili sanifu na kina kazi yake, ukipeleka mswada kwa mchapishaji mhariri atakuuliza na wewe utahitaji kamusi. Lakini hiyo ni hatua ya mwisho. Ukianza kusanifisha kabla hujasimulia, nusu ya akili yako inashughulika na ngeli na nusu iliyobaki ndo iishike stori, haitoshi. Wa Mombasa andika cha Mombasa, wa Unguja andika cha Unguja, wa Nairobi kama Sheng ndo unayoota nayo iandike, wa Lubumbashi usijibane uongee kama mtangazaji wa Dodoma. Wapo na ndugu zetu walio Muscat au Marekani wanaona aibu kwamba Kiswahili chao kimebaki kile cha jikoni kwa mama, jamani, hicho cha jikoni ndo kilichosikia kila kitu, anzieni hicho.

Ukikwama katikati ya stori ya sehemu

Stori za sehemu zina ugonjwa wake. Kila sehemu lazima iishe kwa swali ndo uandike ITAENDELEA, kwahiyo ukifika sehemu ya ishirini una maswali ishirini yako wazi na wewe mwenyewe hukumbuki ulilifungua la nani. Kichwa kinagoma kwasababu kimebeba vingi.

Chukua karatasi, soma stori yako tangu mwanzo, na kila swali uliloacha wazi liandike kwa mstari mmoja. Nani alimtumia Neema ule ujumbe. Mkoba ulioachwa stendi ya Msamvu uko kwa nani. Bibi kwanini haongei na Baba Neema. Yule dereva mwenye kovu ni nani. Ukiyaona yote kwenye karatasi moja unapumua, maana kichwani yalionekana mengi kuliko yalivyo. Kisha angalia mawili yanayoweza kuwa jibu moja. Mkoba na bibi, je? Labda mkoba ni wa bibi, labda ndani kuna kitu Baba Neema alimuibia zamani, basi maswali mawili yamekuwa moja na stori imekaza. Halafu chagua swali moja dogo ulifunge leo, kwenye sehemu hiihii, bila kufungua jingine. Wasomaji hawatakukimbia kwa kupewa jibu, wanafurahi, wamelisubiri. Na lile ambalo hata wewe hulijali tena, dereva mwenye kovu, liue kimyakimya.

Ukishafanya hivyo na bado hujui uandike tukio gani, kalisha watu wawili kwenye sinia moja la ugali, mmoja anaficha kitu. Tu. Usiweke bunduki wala simu ya usiku wa manane. Nani ananawa kwanza, nani anamega tonge kubwa, nani hagusi mboga, nani anamsogezea mwenzie nyama, na yule anayeficha mkono wake unafanya nini? Mtu anayeficha kitu hawezi kula kawaida. Andika mpaka mmoja anyanyuke. Mimi sijaona njia nyepesi kuliko hii ya kuwasikia wahusika wako wakiongea tena.

Na siku ukiwa umepata moto, acha kuandika ukiwa bado unajua kinachofuata. Chini kabisa acha mstari mmoja wa kujikumbusha, "Rashidi anaomba maji, anapewa kikombe cha wageni". Kesho huanzi na utupu, unaanza na kikombe.

Kama huna stori kabisa, fungua sanduku la kanga

Hii ni kwa wale ambao wamekaa muda mrefu hawajaandika chochote na hata wazo hawana. Nenda kwa mama au bibi au mkeo, omba kuangalia kanga zake. Kila kanga ina jina lake pale chini, yale maneno, na hakuna kanga inayonunuliwa kwa bahati mbaya. Chukua moja. Mfano ile ya "Japo sipati tamaa sikati", maarufu tu, wengi mnaijua. Sasa usiandike kuhusu maana yake, kila mtu anaijua maana yake. Andika nani aliinunua. Alimnunulia nani au alijinunulia mwenyewe? Alikuwa na hela ya doti nzima akakata nyingine akampa nani? Aliivaa siku gani, akapita mbele ya nyumba ya nani, na yule aliyelengwa alifanya nini, alisoma akatabasamu au aliingia ndani akatoka na ya kwake ya kujibu? Ukurasa mmoja unatosha. Ukiweza muulize mwenye kanga hadithi ya kweli baada ya kuandika ya kwako, mara nyingi ya kweli inazidi, na hapo umepata mbili.

Beti moja, mizani kumi na sita

Hata kama wewe sio mshairi hii ifanye, kwasababu akili ikiwa na kazi ya kuhesabu inasahau kuogopa. Shairi letu la kawaida la tarbia lina mistari minne, kila mstari mizani 16, yaani silabi 16, nusu ya kwanza 8 ndo ukwapi na ya pili 8 ndo utao. Silabi ya mwisho ya kila ukwapi ifanane, na ya mwisho ya kila utao ifanane, hivyo ndo vina. Chagua jambo dogo ulilolipita njiani leo, sio mapenzi wala umauti wala taifa. Mimi naanza na bodaboda aliyebeba mifugo:

Bodaboda kanipita, kabeba kuku na mbuzi,
Mbuzi kamba aivuta, kuku alia machozi,
Nikamwita akasita, kumbe mwana wa shangazi,
Mahari wamemfata, adaiwa tangu juzi.

Hesabu kwa vidole, bo-da-bo-da-ka-ni-pi-ta, nane. Mstari wa kwanza ni kweli, mtu kanipita na mbuzi. Wa pili nilikuwa natafuta kitu kinachoishia na "ta" na kinachoishia na "zi", kuku akajiliza. Lakini angalia wa tatu. Sikuwa na mpango wowote na binamu, nilikuwa natafuta "zi" tu, likaja shangazi, na likija shangazi lazima awe na mwana, na kijana wa kiume anayebeba mbuzi mbio kwa bodaboda anaenda wapi kama sio kwa wakwe? Kina ndo kimeleta mahari. Sasa nina kijana, nina deni, nina ukoo unaosubiri upande wa pili, nina kuku anayelia. Naweza kuliacha beti na kuandika stori nzima, na wala sikuanza na wazo, nilianza na kuhesabu.

Usijali kama beti la kwanza ni bovu. Fanya la pili na vina vingine. Fanya ukiwa kwenye daladala, vidole vinahesabu mfukoni hakuna anayejua.

Muda, daftari na pa kukaa

Watu wanasubiri likizo, wanasubiri kompyuta, wanasubiri chumba chao. Shaaban Robert alianza ukarani wa forodha mwaka 1926 na alikuwa mwajiriwa wa serikali ya mkoloni miaka mingi tu, vile vitabu tunavyovisoma mpaka leo aliviandika mtu mwenye ofisi ya kwenda asubuhi. Kwahiyo chukua muda mdogo ambao hakuna atakayekunyang'anya, wakati chai inachemka, ukiwa unasubiri zamu benki, na uuheshimu. Ukiisha simama hata kama bado una maneno, hayo ndo ya kesho.

Na badilisha kifaa. Kama umekwama kwenye simu, andika kwenye daftari la mtoto la mistari, kama umekwama kwenye daftari nzuri lenye jalada gumu andika nyuma ya risiti. Karatasi isiyo na heshima haikudai uandike kwa heshima. Abdilatif Abdalla alipofungwa Kenya kuanzia 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya maandishi yake ya kisiasa, mashairi aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na mwaka 1973 yakatoka kitabu, Sauti ya Dhiki. Yale yalikuwa mateso na siyafananishi na kukwama kwetu hata kidogo. Ninachokishika mimi ni kwamba aliandika mahali ambapo hakuna msomaji, hakuna wa kusifia, hakuna uhakika kama karatasi itatoka nje ya ukuta, na aliandika, kwasababu kulikuwa na la kusema na sauti ilikuwa ya kwake. Kila mwandishi awe na kitu kimoja anachokiandika ambacho hakitapostiwa popote. Daftari la siri, barua kwa marehemu baba, chochote. Humo ndo utaandika vibaya kwa uhuru na humo ndo utakuta raha imekaa inakusubiri.

Wasomaji wanaodai

Wasomaji wetu ni wazuri, wanatupenda, lakini kuandika huku wanaangalia ni kazi ngumu. Weka akiba. Usiposti sehemu ya kwanza mpaka uwe na sehemu kadhaa zimekaa pembeni, na ukiposti moja andika moja ya kurudishia. Akiba ikiisha simamisha, waambie wazi kwa sentensi moja, "stori inapumzika, nitarudi nikiwa na sehemu za kutosha", usiwape tarehe, usiombe radhi mara kumi. Komenti soma mara moja kwa siku na sio kabla ya kuandika. Akitokea anayekwambia stori imepoa, soma alichosema, kama kinaingia akilini kiandike kwenye karatasi yako ya maswali, kama ni kejeli tu pita. Na yule msomaji mmoja anayeandika komenti ndefu, anayekumbuka hata jina la mbwa wa sehemu ya tatu, huyo ndo umuweke kichwani ukiandika, wale wengine wote waache wakae nyuma yake.

Tafuta wa kujibizana naye

Hii kwetu ni ya asili kabisa na sijui kwanini tumeiacha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, miaka ya mwanzo ya 1800, alikuwa anatungiana mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo imekorofishana, huyu anarusha beti huyu anarudisha. Baadae gazeti la Mambo Leo lililoanza 1923 likawa linachapa mashairi ya wasomaji, watu wanaulizana na kujibizana humo hata hawajawahi kuonana. Mtu anayetakiwa kujibu haulizi "niandike nini leo", ameshaulizwa yeye.

Tafuta mwandishi mmoja mnayeheshimiana, sio lazima mwandike aina moja. Mkubaliane hivi, mmoja anatuma kipande kifupi, beti au aya, kinachoishia na swali au uchokozi. Mwingine anajibu kwa kipande, sio kwa maoni. Ni marufuku kusema "umeandika vizuri", ni marufuku kusahihisha, jibu la kipande ni kipande. Mhusika wake akigonga mlango, wako afungue. Akikutumia bodaboda mwenye mbuzi, wewe jibu kwa sauti ya shangazi anayesubiri mahari. Msipange mwisho wala msihifadhi kwa ajili ya kuposti, na akichelewa kujibu usimtumie "vipi, umekwama?", mtungie beti la kumdai.